Kuacha kazi nako kuna msimu wake



Kila mwaka mvua zikianza kukata na mahindi yakianza kukaukia shambani, napigiwa simu za swali moja. Si la kiwavijeshi wala la mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, hapa kazini hawanithamini. Niache nikalime?" Anayeuliza anaweza kuwa muuzaji wa duka la pembejeo, mwalimu wa shule binafsi, karani wa ghala au msimamizi wa shamba la mtu. Ekari zake tatu kule Mpitimbi au Magagura zimekubali, na bosi wake hata neno asante hana. Anaona jibu liko wazi, anataka tu mtu wa kumwambia "acha".

Msimamo wangu ni huu. Kutothaminiwa ni sababu nzuri ya kuanza kujiandaa kuondoka, lakini si sababu ya kuondoka kesho asubuhi. Uamuzi wa kuacha unaweza kutoka moyoni. Tarehe ya kuacha itoke kwenye daftari la shamba na kalenda ya msimu.

Tuanze na kupima tatizo. Mahindi yakigeuka njano, wengi wetu tunakimbilia urea. Kama njano imeanzia majani ya chini, kwenye ncha, ikafuata mshipa wa katikati, sawa, hapo naitrojeni imepungua. Lakini maji yakituama na mizizi ikakosa hewa, majani nayo yanageuka njano, na urea utakayomwaga pale ni hela ya kutupa. "Hawanithamini" ni njano ya namna hiyo hiyo. Kuna anayemaanisha mshahara mdogo. Kuna anayelipwa vizuri tu ila anafokewa mbele ya wateja. Kuna aliyewafundisha kazi wenzake watatu, wote wakapandishwa, yeye yuko pale pale. Na kuna ambaye kinachomuumiza ni kukosa kitendea kazi.

Hili la mwisho sisi wagani tunalijua. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipokabidhi pikipiki za maafisa ugani pale Dodoma, wapo walioona ni kitu kidogo. Pikipiki si mshahara, kweli. Lakini mtu aliyekuwa anaomba lifti ya bodaboda ili akaangalie shamba la mkulima anajua ile pikipiki ilimwambia nini: kazi yako ina maana, nenda ukaifanye.

Kwa hiyo kabla ya kusema unaacha, jua unachokikosa, halafu kiombe kwa maneno. Wengi wanaoniambia hawathaminiwi hawajawahi kumwambia bosi kitu. Wamenuna tu, wanasubiri aone mwenyewe. Nenda na kumbukumbu, kama unavyokwenda benki kuomba mkopo wa kilimo: "Bosi, nimeshika stoo miezi 14, haijapotea hata mfuko mmoja. Naomba tuzungumze mshahara kabla msimu haujaanza." Mpe muda, mwezi mmoja au miwili. Akikupa, vizuri. Akikataa kwa sababu inayoeleweka, umejua. Akikaa kimya hadi muda unaisha, hilo nalo ni jibu, na sasa unapanga safari yako ukiwa na uhakika.

Kuna mambo ambayo hayasubiri msimu. Hulipwi mshahara miezi inapita, unalazimishwa kuuza mbegu feki au kuandika uzito wa uongo, unapigwa, unashikwashikwa: ondoka. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike, kuondoka kwako kunaweza kuhesabiwa kama umeachishwa. Shauri hilo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda wake ni siku 30 tu. Usikae nyumbani ukilalamika hadi siku zikaisha.

Kama hali yako si hiyo, tufungue daftari. Natumia mfano, wewe weka namba za kwako. Tuseme unalipwa sh. 250,000 kwa mwezi na una ekari 3 za mahindi. Gharama zote, kuanzia kulima, mbegu, DAP ya kupandia, urea ya kukuzia, palizi, dawa, kuvuna hadi kupukuchua, tuseme sh. 550,000 kwa ekari. Unapata magunia 18 ya kilo 100 kwa ekari, jumla 54. Unaacha 6 ya kula nyumbani, unauza 48 kwa sh. 600 kwa kilo. Mapato ni sh. 2,880,000. Toa gharama sh. 1,650,000, inabaki sh. 1,230,000. Gawanya kwa miezi 12: sh. 102,500 kwa mwezi.

Hapo ndipo watu wengi wanashtuka. Fungu la hela ulilolishika Julai lilionekana kubwa kuliko mshahara wa bosi mchoyo, kumbe ukilitandaza mwaka mzima halifiki hata nusu yake. Kwa namba hizi hizi unahitaji ekari 7 hivi ili uupite mshahara ule, na ekari 7 zinataka mtaji wa sh. 3,850,000 uwepo kabla mvua hazijaanza. Swali la kujiuliza: msimu uliopita, mbolea yako ilinunuliwa na hela gani? Kama ni mshahara, basi huyo bosi unayemchukia ndiye mfadhili wako mkuu. Ukimwacha, lazima uwe na wa kushika nafasi yake, hata kama mbolea yenyewe ni ya ruzuku.

Mshahara unanunua kitu kingine ambacho hatukihesabu, nacho ni subira. Mwenye mshahara anavuna, anakausha vizuri, anaweka mahindi stoo na kusubiri bei au kusubiri NFRA wafungue vituo vya kununulia. Asiye na mshahara anauza Juni kwa dalali wa kwanza aliyepiga hodi, maana kodi ya nyumba na ada vimefika. Shamba ni lile lile, mbegu ile ile, mfuko tofauti.

Sasa kalenda. Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua. Oktoba unaandaa shamba, mwishoni mwa Novemba na Desemba unapanda, Januari unapalilia na kukuzia. Februari na Machi ndipo mfuko unakauka kabisa, na mahindi bado ni mabichi. Kuvuna ni Mei hadi Julai, na hela ya maana inaanza kuonekana baada ya hapo. Anayeacha kazi Januari kwa hasira amejipeleka mwenyewe kwenye miezi sita ya kutoa bila kuingiza. Mwezi wa pili anakopa kwa riba, wa tatu anauza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Akifika mavuno, shamba lilishakuwa la mtu mwingine.

Muda mzuri wa kuandika barua, kwa maoni yangu, ni kati ya Agosti na Oktoba, ukiwa na vitu vitatu: umeshauza, pembejeo za msimu unaofuata umeshanunua, na chakula cha nyumbani kiko stoo. Ukiongeza bustani ya bondeni ya nyanya au mboga ya kiangazi, au kuku wa mayai, ili kuwe na hela ndogondogo ya kila wiki, hapo umekamilika.

Na ondoka kwa utaratibu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya maandishi ya siku 28. Dai malipo ya likizo uliyokuwa hujaichukua, na dai cheti cha utumishi, ni haki yako. Jua pia kwamba kiinua mgongo cha kisheria analipwa aliyeachishwa na mwajiri, si aliyeacha mwenyewe. Kabla ya barua, pita ofisi ya NSSF uone michango yako yote imeingia, maana kufuatilia ukiwa ndani ya kazi ni rahisi kuliko ukiwa nje.

Kuna jambo la mwisho ambalo naona hatuambiani ukweli. Vijana wengi wanakwenda shambani wakitafuta heshima waliyoikosa kazini. Shamba lina mengi lakini hilo halitoi bure. Ukimaliza kukimbia dharau ya ofisini, utakutana na mnunuzi anayetaka lumbesa, anashindilia gunia hadi lifungwe kwa kamba juu, analiita gunia moja na kulipa bei ya gunia moja. Hiyo nayo ni kutothaminiwa, tena unaibeba wewe mwenyewe hadi kwenye gari lake. Ambaye kazini alishindwa kusema "naomba tuzungumze mshahara wangu" atapata tabu kusema "mzee, hapa tunauza kwa mizani". Ujasiri ni ule ule. Ndiyo maana nasema jifunze kuomba na kudai ukiwa bado kwenye ajira, pale makosa yanagharimu kidogo.

Na tayari baadhi yenu ni mabosi. Una kijana anayekulindia shamba, una vibarua wa palizi unaowaambia "njooni kesho" siku ya malipo. Huyo kijana naye anapiga simu kuuliza kama aache. Mlipe siku mliyokubaliana, na akifanya vizuri mwambie. Msimamizi mzuri akiondoka katikati ya Januari, hasara utaiona kwenye magunia.

Mnaweza kuniuliza, na wewe bwana shamba? Nina diploma. Nimeona wenye digrii wakija, nawaonyesha mipaka ya vijiji na mashamba, halafu wanakaa juu yangu. Inauma, sitadanganya. Kabla ya ugani niliwahi kuacha kazi kwenye kampuni moja ya pembejeo. Niliomba nyongeza mara mbili, sikujibiwa, nikavuna, nikauza, ndipo nikaandika barua, na tuliagana kwa amani. Kwa kazi ya sasa nimejiwekea kipimo changu: shamba langu likilipa matumizi ya nyumbani ya miezi 12 kwa misimu miwili mfululizo, bila mshahara kugusa mbolea, nitakaa na mke wangu tuamue. Msimu uliopita lilifikisha miezi minane.

Kwa hiyo bado nipo, pikipiki ina mafuta, nipigieni. Na wewe unayetaka kuacha mwaka huu, chukua daftari leo usiku, andika namba zako kama nilivyoandika hapo juu, uone inakuja miezi mingapi.