Geti la Mlima Liko Wapi?

Januari iliyopita nilipanda mlima Uskoti nikiwa na pasipoti ndani ya jaketi. Huko juu hakuna mpaka wa nchi. Niliibeba kwa sababu nimekulia Kenya, na mwili wangu unajua kwamba mahali popote penye miti mizuri na hewa safi pana askari, askari ana kitabu kikubwa cha mistari, na kitabu kinataka jina, namba ya kitambulisho, saa ya kuingia na sahihi.

Jioni nikatuma picha kwa grupu la familia. Mimi na theluji, nyusi zimeganda, pua nyekundu kama pilipili. Shangazi akasema nivae soksi mbili. Binamu yangu, ambaye hajawahi kukosa neno, akaandika: "Hizo ni mambo za wazungu bana. Umelipwa ngapi kuteseka hivyo?" Emoji za kucheka zikamiminika.

Sikujibu. Najibu sasa. Kupanda mlima si mambo ya wazungu, binamu. Mambo ya wazungu ni lile geti. Sisi tulilirithi, tukalipaka rangi mpya, tukabandika namba ya paybill.

Ngoja nikupeleke huko kwanza.

Tulikuwa sita kutoka klabu ya milima ya chuo, pamoja na mzee mmoja wa Clydebank, amestaafu, ambaye hutembea na wanafunzi wasiojua kitu. Nami ndiye niliyekuwa sijui kitu zaidi ya wote. Tulipanda treni Glasgow Queen Street kukiwa bado giza, maana wakati huo wa mwaka jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na ikifika saa kumi jioni limeshazama. Siku nzima ni saa saba na kitu. Huna muda wa kuzubaa. Baada ya saa moja na zaidi tukashuka kwenye stesheni ndogo iitwayo Arrochar and Tarbet, mvua ikinyesha kwa ubavu, tukatembea mpaka ukingo wa Loch Long. Hilo si ziwa hasa, ni mkono wa bahari uliojipenyeza kati ya milima, kwa hiyo tulianza kupanda kutoka usawa wa maji ya chumvi.

Mlima wenyewe unaitwa the Cobbler, yaani fundi viatu, kwa sababu miamba ya kileleni inafanana na mtu aliyeinamia kazi yake. Kwenye ramani utaona pia Ben Arthur. Urefu wake ni mita 884. Najua unachofikiria. Stage ya Kencom iko juu karibu mara mbili ya hapo, na watu hufika Kencom na kandambili. Lakini Kencom haina upepo unaokusukuma kifuani kama kondakta aliyekosa chenji.

Pale chini kuna maegesho ya magari na mashine ya kulipia. Nikatoa simu. Nikamuuliza mzee, "Tunalipia hapa ama huko mbele?"

"Una gari?" akauliza.

"La. Ya kuingia."

"Kuingia wapi?"

"Mlimani."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. Akasema anayeegesha gari ndiye anayelipa, kisha akavuka barabara na kuanza kupanda. Hapo tulikuwa ndani ya hifadhi ya taifa, Loch Lomond na Trossachs, ya kwanza kabisa Uskoti, iliyoanzishwa mwaka 2002. Hifadhi ya taifa, na nilikuwa nimeingia bila kujua niliingilia wapi. Kwa nusu saa ya kwanza niligeuka nyuma mara kadhaa, nikisubiri mtu apige filimbi.

Njia inapanda kwanza ndani ya msitu wa kupandwa, miti ya mbao imejipanga mistari kama askari wa paredi. Ukitoka msituni bonde linafunguka, kijito upande mmoja, na mvua inaanza kubadilika. Mwanzoni ni mvua, halafu ni kitu kati ya mvua na mchanga, halafu unagundua kelele imeisha na kila kitu ni cheupe. Hapo tulifunga krampon, yaani zile njumu za chuma zinazofungwa chini ya viatu, na kila mtu akashika shoka la barafu. Mzee alitufundisha kuteleza kabla hatujateleza kweli: lala kifudifudi, weka uzito wako wote juu ya shoka, inua miguu ili njumu zisikwame zikakupindua. Tulirudia mara nne kwenye mteremko mfupi usio na hatari. Ya tatu nilipiga kelele ambayo sitaieleza hapa.

Vifaa hivyo vyote vilikuwa vya kuazima. Nasema hili mapema, kabla hujaniambia kwamba ni mchezo wa wenye pesa.

Kabla ya mteremko ule tulikuwa tumepita mawe mawili makubwa kama nyumba, yanaitwa Narnain Boulders. Tulikula mkate upande usio na upepo, na mzee akatuonyesha nafasi chini ya jiwe ambapo watu walikuwa wakilala. Watu gani? Vijana wa Glasgow na Clydebank wa miaka ya 1930. Viwanda vya meli vilikuwa vimekwama, kazi hakuna, mijini ni moshi na foleni za msaada. Basi Ijumaa au Jumamosi walitoka mjini, wengine kwa miguu, wengine kwa kuomba lifti, wakalala chini ya mawe kama haya na mapangoni, wakapanda miamba ya Cobbler kwa kamba za kubahatisha. Mwaka 1930 baadhi yao waliunda klabu yao, Creagh Dhu. Hawakuwa malodi. Walikuwa mafundi wa meli na watu wasio na kazi. Karibu na Craigallian, nje kidogo ya Glasgow, kulikuwa na moto ambao wapitaji hao walikuwa wakiukusanyikia usiku, na leo pana jiwe la kumbukumbu.

Kwa hiyo ukisema "mambo ya wazungu", mzungu yupi? Maana mzungu mwingine ndiye aliyekuwa anamfukuza huyu.

Mwaka 1847 profesa wa mimea kutoka Edinburgh, John Hutton Balfour, alikuwa na wanafunzi wake bonde la Glen Tilt. Mwenye ardhi, Duke wa Atholl, akatokea na watu wake akawafungia njia. Baadaye kidogo, huko Glen Doll, tajiri aliyenunua shamba lake la kuwindia alitaka kuifunga njia ambayo wachungaji walikuwa wakiswaga mifugo wao tangu zamani. Kesi ikafika mpaka Bunge la Malodi huko London mwaka 1888, na tajiri akashindwa. Mwaka 1884 mbunge James Bryce alipeleka mswada wa kuwaruhusu watu watembee milimani. Ukakataliwa. Akarudi nao. Ukakataliwa tena. Ni mpaka mwaka 2003, zaidi ya karne nzima baadaye, ndipo Bunge la Uskoti lilipopitisha sheria ya marekebisho ya ardhi inayompa kila mtu, mwenyeji ama mgeni kama mimi, haki ya kupita kwa miguu karibu kila mahali, ardhi ya umma na ya mtu binafsi, mradi asiharibu. Usikanyage mazao, usiingie uani kwa mtu, funga lango la mifugo ulivyolikuta. Basi. Hiyo ndiyo ada.

Haikuwa zawadi ya watu wapole. Watu walizuiwa, wakashtaki, wakakataa kugeuka.

Lakini nisije nikawapaka Waskoti asali. Tulipofika kwenye shingo ya mlima mawingu yalipasuka kwa dakika kama tano. Nikaona milima juu ya milima, nyeupe, bila nyumba, bila moshi, bila hata mti. Nikasema pazuri, hakuna watu. Mzee hakujibu. Nilipofungua ramani baadaye ndipo nilipoona ujinga wangu. Kila kilima, kila kijito, kila kona ina jina la Kigaeli. Huwezi kukipa kila kijito jina kama huishi karibu nacho. Kati ya karne ya 18 na ya 19 wenye ardhi wa nyanda za juu za Uskoti waliwafukuza wapangaji wao kwa maelfu ili waweke kondoo, na baadaye paa wa kuwindwa. Huko Strathnaver, kaskazini ya mbali, nyumba zilichomwa moto. Wengine walisukumwa pwani, wengine wakapandishwa meli kwenda Kanada. Mpaka leo wamiliki wasiofika mia tano wana nusu ya ardhi ya kibinafsi ya mashambani Uskoti. Sheria ilikupa haki ya kutembea juu yake. Ya nani ni nani, haikugusa sana.

Na wale waliokuwa wakifukuza na waliokuwa wakifukuzwa, wote walikuja kwetu. Joseph Thomson, Mskoti kutoka Dumfriesshire, alipita kwetu miaka ya 1883 na 1884, akaitazama Nyandarua ambayo tayari ilikuwa na jina lake, akaiita Aberdare kwa heshima ya lodi aliyekuwa akiongoza Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme. Wamishonari wa Kanisa la Uskoti wakajenga Kikuyu, na wenyeji wakapaita Thogoto, maana ulimi ulilipokea jina la Uskoti hivyo. Kisha likaja neno lenyewe, "Highlands", nyanda za juu, safari hii za wazungu peke yao. Mwafrika kwenye nyanda hizo alikuwa na sababu moja tu ya kuwepo, kufanya kazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akafungwa kipande shingoni ili ajulikane ametoka wapi na ameajiriwa na nani.

Sasa rudi kwenye ile pasipoti ndani ya jaketi langu. Unaona?

Uhuru ulikuja, kipande kikaenda, lakini swali likabaki getini: unaenda wapi, umetumwa na nani. Sheria yetu ya kuingilia ardhi, Sura ya 294, bado inamfanya mhalifu mtu aliyepita kwenye shamba la mtu bila ruhusa wala sababu ya maana, hata kama hakung'oa jani. Na Katiba ya 2010, Ibara ya 61, inasema ardhi yote ni ya Wakenya kwa pamoja, kama taifa, kama jamii na kama mtu binafsi. Nzuri sana. Jaribu kumsomea askari Ibara ya 61 saa mbili asubuhi. Mimi nilijaribu, nikiwa kidato cha nne, kwenye kilima nilichokuwa nakiona kila siku kutoka dirisha la darasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa hiyo. Halafu akasema, "Kijana, hiyo Katiba iko na risiti?"

Najua utasema sisi tuna ndovu. Kweli. Sijasema mtu aende Mlima Kenya peke yake na chapati mbili. Huko kuna nyati, kuna hewa nyembamba, kuna walinzi wa wanyamapori wanaohitaji mshahara, na ada ya kila siku naielewa hata kama inaniumiza. Pia najua Karura ingekuwa maghorofa leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangepigwa pale mwaka 1999 wakijaribu kupanda miti. Wakati mwingine ua linalinda. Lakini niambie ndovu yuko wapi kwenye ukingo wa mto mtaani kwenu. Niambie nyati gani analinda ile njia ya kwenda ufuoni ambayo hoteli imeiziba kwa mabati. Nataka sheria moja fupi: anayetembea kwa miguu na haharibu kitu, apite. Tuanze na vilima visivyo na mnyama mkubwa kuliko mbuzi.

Na ukipotea? Kule watu hupotea na hufa pia, kila majira ya baridi. Wanaotoka usiku kuwatafuta ni wanakijiji wa kujitolea, na hawatoi bili. Mzee wetu alifanya kazi hiyo miaka mingi. Nilimuuliza kama haoni sheria inawaachia wajinga kama mimi mlima. Akasema wajinga walikuwepo hata kabla ya sheria, na ni rahisi kuwatafuta kama hawajifichi.

Kilele sikukifika, tusemezane ukweli. Sehemu ya juu kabisa ya Cobbler ni jiwe lililosimama peke yake, na ili ulipande unapenya kwenye tundu la mwamba, unatokea upande wa pili juu ya shimo, kisha unatembea kwenye ukingo mwembamba. Siku hiyo ukingo ulikuwa umevaa barafu kama kioo. Mzee alipapasa kwa shoka lake, akatikisa kichwa. Tukagusa jiwe, tukapiga picha ile uliyoicheka, tukageuka. Tulifika barabarani taa za vichwani zikiwaka, magoti yangu yakiimba, na kwenye treni niliitoa pasipoti ikiwa imelowa mpaka ukurasa wa viza.

Nakuja nyumbani Aprili. Kile kilima bado kipo, geti lipo, na nimesikia siku hizi wameongeza kamera. Nitapita upande wa shule asubuhi na mapema. Binamu, umesema kwa grupu kwamba ukija nikubebee soda. Sawa. Kitambulisho acha nyumbani.