Acheni Kuiua Programu ya Barua Pepe!

Jamani, leo nina ugomvi. Nina ugomvi na ile alama ya X kwenye pembe ya juu ya dirisha, na zaidi na wale wanaohubiri kwamba ukishasoma barua pepe ni lazima ufunge programu "isile memori".

Katika ofisi moja niliyoifanyia kazi hiyo ilikuwa amri. Soma, jibu, funga. Siku moja intaneti ikapotea. Dada wa mauzo akaandika bei za zabuni, akabofya kutuma, barua ikakaa kwenye kikasha cha zinazosubiri. Akafunga programu kama alivyoamriwa. Intaneti ilirudi baada ya saa moja, lakini nani angeituma? Barua ililala pale hadi asubuhi. Zabuni ilikuwa imefungwa jioni, na lawama akabebeshwa yeye!

Hebu tuelezane. Tangu 1997 itifaki ya IMAP ina amri iitwayo IDLE. Programu inabaki imeunganishwa na seva, imetulia tuli, na barua ikifika, seva ndiyo inayoijulisha. Kazi yake ni kuirudia amri hiyo kabla dakika 29 hazijaisha, basi. Hiyo ndiyo kazi nzito mnayoiogopa? Ukiifunga, vichujio ulivyoviweka humo navyo vinalala, na nakala mpya hazishuki kwenye diski yako. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti yetu ikawa ya kujikokota. Mwenye nakala diskini aliendelea kusoma barua zake. Wa kwenye kivinjari alitazama kiduara kikizunguka.

"Inakula memori!" Haya, na kile kivinjari chenye vichupo ishirini, kimoja kikiwa cha barua pepe hiyo hiyo, kinakula hewa?

"Inanisumbua!" Kinachokusumbua ni mlio na vidirisha vya arifa. Vizime. Mlinzi mzuri hukesha, lakini hapigi filimbi kila paka akipita.

Watengenezaji nao siwaachi. Thunderbird 1.0 ilitoka 2004. Watumiaji wa Windows walisubiri hadi toleo la 78, mwaka 2020, ndipo wakaweza kuificha pale chini karibu na saa bila kutafuta programu-jalizi. Miaka 16 kwa kijialama kimoja!

Kwa hivyo, msomaji wangu, usiifunge, ishushe tu. Kwenye Windows fungua mipangilio ya Thunderbird, sehemu ya jumla, uweke alama kwamba ikishushwa ijifiche karibu na saa. Kisha iweke kati ya programu zinazoanza zenyewe kompyuta ikiwaka.

Nawe mkuu wa kompyuta wa ofisi, kama mashine zako zinalemewa na programu ya barua, nunua memori. Amri zako zinakula zabuni.