Wito kwa wenye akiba ndogo: tununue, tukae nazo

Ndugu zangu wa Uvira, Kiliba na Makobola, pamoja nanyi watoto wa Mulenge mlioko Nairobi na Marekani: siku hizi kuna vijana wetu wanaochukua makuta ya likelemba na kuyaingiza kwenye simu, wanunue hisa na sarafu asubuhi, wauze jioni. Nawaombeni tuzungumze.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1991 wanaikumbuka Bindo ya Kinshasa, ilivyoahidi kuzidisha fedha kwa muda mfupi na ilivyoanguka na akiba za watu. Biashara hii ya kununua na kuuza kwa simu si lazima iwe utapeli wa namna ile. Nyingine ni halali kabisa. Ila halali haimaanishi inalipa. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa katika mikataba ya kubahatisha bei, akaunti 74 hadi 89 za watu wa kawaida katika kila 100 hupata hasara. Na hao umeme wao haukatiki! Kambisti wa Kavimvira naye hununua na kuuza siku hiyohiyo, lakini yeye soko lake analiona kwa macho.

Kwa anayenunua na kukaa, tazameni Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Mwaka 2008 Wakenya walipanga foleni kununua hisa kwa shilingi 5, wengine kwa mkopo wa benki, wakitaka kuuza haraka. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya 3, na mkopo haungoji. Aliyenunua kwa fedha asiyoihitaji alikaa, akala gawio, akaiona bei ikipita 40 mwaka 2021. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya 20 tena; hata hivyo ilikuwa bado juu ya 5.

Najua mtakalonijibu: kukaa na hisa miaka kumi ni hesabu ya watu wenye amani. Ng'ombe wamenyang'anywa milimani, mto Mulongwe ulibomoa nyumba Aprili 2020, na mwaka 1993 zaire milioni tatu ziligeuzwa kuwa moja mpya. Mimi naona hiyo ndiyo sababu ya kuweka sehemu ya akiba mahali ambapo mto haufiki. Hisa iliyoandikwa kwa jina lenu Nairobi haiungui pamoja na nyumba. Tena tayari tunawalisha wenye hisa: sehemu kubwa ya benki ya Equity BCDC ni ya Equity ya Kenya, sehemu kubwa ya TMB ni ya KCB ya Kenya, na hisa za Equity na KCB zinauzwa katika soko la hisa la Nairobi. Ada tunayolipa dirishani huweza kuishia kuwa gawio la mwalimu wa Nyeri.

Basi, mnapogawana akiba ya AVEC, kikundi chenu cha kuweka na kukopa, mwisho wa mwaka, karo na chakula visiguswe; acheni kidogo kinachobaki. Aliyeko Nairobi aulize kwa dalali mwenye leseni namna ya kufungua akaunti ya hisa, kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mtu mmoja. Mwenye ndugu huko amwandikie juma hili.