Aliyeumizwa kwa uzembe hospitalini aende wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu fidia kwa wananchi wanaoumizwa kwa uzembe katika hospitali za umma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku milimani Uluguru, na wanakijiji hunijia niwaandikie barua. Mama mmoja, mkulima wa ndizi, alipasuliwa wakati wa kujifungua katika hospitali moja ya umma. Miezi kadhaa baadaye alitolewa kitambaa kilichosahaulika tumboni. Aliporudi kuuliza, aliambiwa amshukuru Mungu yu hai, na kwamba faili lake halionekani.

Sheria haikumnyima haki. Kwa Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali ya mwaka 1967, mwananchi anaweza kuidai Serikali. Lakini sharti kwanza atoe taarifa ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha afungue kesi Mahakama Kuu kabla ya miaka 3 kupita. Kuthibitisha uzembe ni juu yake. Je, mkulima huyu atapata wapi wakili, na daktari wa kutoa ushahidi dhidi ya daktari mwenzake, na faili lililo mikononi mwa anayelalamikiwa?

Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumwadhibu daktari, hata kumfuta katika orodha. Hilo ni jema, lakini halimpi mgonjwa hata senti tano.

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Yalitokea Dar es Salaam, magazeti yakaandika, taifa zima likajua. Ya huku milimani nani atayaandika?

Wapo watakaosema kwamba madai ya fidia yatawavunja moyo waganga wetu wachache, wanaokesha kazini na vifaa haba. Nawaheshimu waganga hao, na najua si kila kifo ni uzembe. Ndiyo sababu nasema uchunguzi ufanywe kwanza, na fidia ilipwe na mwajiri, si kutoka mfukoni mwa muuguzi.

Nashauri hivi. Kwanza, kila mgonjwa anayeruhusiwa kutoka hospitali apewe nakala ya maelezo ya matibabu yake bila kuombaomba. Pili, iundwe kamati katika kila mkoa, yenye daktari kutoka mkoa mwingine, mwanasheria na wawakilishi wa wananchi, isikilize malalamiko na kuamua fidia kabla ya watu kulazimika kwenda Mahakama Kuu. Tatu, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapande huku milimani, wasiishie mjini.

Nasi wananchi tutunze vyeti vyetu, tuandike tarehe, na tusingoje miaka ipite. Haki isiyo na karatasi ni vigumu kuidai.

Mwalimu wa Kijijini,
Matombo, Morogoro.