Mwalimu Mmoja, Madarasa Mawili



Sisi wa reli ya Ruiru na Thika tuna neno juu ya watoto wetu. Katika shule moja karibu na njia yetu, Gredi 2 na Gredi 3 wamewekwa chumba kimoja na mwalimu mmoja. Hawa hutazama ubao wa mbele, wale ubao wa nyuma. Chumba cha pili kimechukuliwa na wakubwa, maana tangu 2023 Gredi 7 huwekwa katika shule za msingi.

Hatusemi kuchanganya madarasa ni kosa. Baadhi yetu tulisoma hivyo katika shule za misheni, tukajua hesabu za darasa la mbele kwa kusikia tu! Lakini tulikuwa watoto 30. Hawa wapata 90. Mahali penye watoto wachache, jambo hili lina maana. Ruiru ilihesabiwa watu zaidi ya laki nne mwaka 2019. Huo ni uchache gani?

Twendeni mkutano wa wazazi tuulize: Tume ya Kuajiri Walimu imeandikiwa barua, au bado? Mwenye zamu siku hiyo amtume mama watoto.