Mtoto wa Paka si Ndama

UPEPO WA KINDAI
Na Zainabu Njiku

Mwezi Juni, alizeti ikishavunwa, nyumba nyingi hapa Singida hugeuka ghala. Magunia hupangwa ukumbini, jikoni, hata chini ya kitanda, na panya nao hawakawii. Ndipo tunapomkumbuka paka. Tunamwomba kwa jirani, tunamleta kwenye kiroba, na akitolewa tu tunamkaribisha kwa kisosi cha maziwa.

Leo naandika juu ya kisosi hicho, kwa sababu mwaka jana kiliniulia watoto wawili wa paka.

Mama yao aligongwa na bodaboda asubuhi na mapema. Aliacha watoto watatu nyuma ya magunia, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Nilichemsha maziwa ya ng'ombe, nikayapoza, nikawanywesha kwa kijiko. Walikunywa kwa pupa, nami nikashusha pumzi. Siku ya pili walikuwa wanaharisha maji ya manjano, manyoya ya mkia yamegandamana. Siku ya tatu nilimvuta mmoja ngozi ya shingo, nikaiachia. Ikabaki imesimama kama pindo la kanga lililokunjwa. Mwili ulikuwa umekauka. Mimi nikamwongezea maziwa. Alikufa kabla ya alasiri, na mwenzake usiku uleule.

Wa tatu aliokolewa na jirani yangu, mama muuza vitunguu, ambaye paka wake alikuwa amezaa wiki hiyohiyo. Alichukua kitambaa, akawapangusa nacho watoto wa paka wake, kisha akampangusa yule yatima ili achukue harufu yao, akamchomeka katikati yao. Paka alinusa, akasita kidogo, akaanza kumlamba. Jioni alikuwa ananyonya.

Baadaye daktari wa mifugo alinieleza nilichokosea. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta zaidi. Ya ng'ombe yametengenezwa kwa ajili ya ndama. Kitoto cha paka huzaliwa na gramu 100 hivi; tumbo lake likijaa maziwa ya ndama, hupata sukari nyingi kuliko anavyoweza kuisaga, na chakula kidogo kuliko anachohitaji. Sukari hiyo, laktosi, isiposagwa hushuka hadi utumbo mpana, ikavuta maji, ikachachushwa na bakteria. Kinachofuata ni gesi na kuharisha. Na kuchemsha, ambako niliamini kumeyafanya maziwa kuwa salama, huua vijidudu tu. Sukari hubaki palepale.

Paka mkubwa naye yuko hivyohivyo, pengine zaidi. Akiwa mdogo, utumbo wake hutoa kimeng'enya cha kuisaga laktosi, kiitwacho laktasi. Huanza kuachishwa ziwa akiwa na wiki nne hivi, na kufikia wiki ya nane huwa ameacha. Tangu hapo kimeng'enya hicho hupungua. Ndivyo ilivyo kwa wanyama karibu wote wanaonyonyesha. Tulioachana na desturi hiyo ni sisi, tena si wote. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti juu ya watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha maji yenye laktosi, wakawapima sukari ya damu. Walikuta mabadiliko ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kusaga maziwa, na moja ya mabadiliko hayo limeenea sana Tanzania na Kenya. Lilianza hapahapa Afrika, maelfu ya miaka iliyopita, miongoni mwa watu walioishi na ng'ombe.

Nikiwaza habari hiyo naona kosa letu lilikotoka. Mkoa huu ni wa wafugaji. Tumekulia kwenye kibuyu cha maziwa, yakatunenepesha, tukaamini kila mwenye mdomo yatamfaa. Paka hakufuga ng'ombe. Wahenga wake ni paka wa nyika kavu, wala panya na ndege, waliopata hata maji yao mengi kutoka kwenye nyama.

Najua nitakachojibiwa: mbona paka wa bomani kwa fulani anakunywa maziwa kila jioni, na ana afya? Ni kweli, wapo. Paka hutofautiana, na aliyezoea kidogo kidogo tangu utotoni anaweza kustahimili kiasi fulani. Maziwa ya mgando nayo hayamsumbui sana, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari. Sisemi kijiko kimoja ni sumu. Mjadala huanza pale maziwa yanapogeuzwa mlo, na hapo ndipo paka wetu wengi walipo: ugali uliolowekwa kwenye maziwa, asubuhi na jioni, basi. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha. Lazima aipate kwenye nyama au samaki. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa paka akiikosa misuli ya moyo hulegea, moyo ukatanuka. Paka wa namna hiyo hafi leo wala kesho. Anachoka tu, na sisi tunasema amekuwa mvivu.

Njaa hiyohiyo ya nyama ndiyo inayomgombanisha na kuku wetu. Mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji hauna huruma na paka anayekula vifaranga. Anapigwa mawe hadi kufa. Nimewahi kuuliza, katika nyumba tatu tofauti, huyo marehemu alikuwa analishwa nini. Zote tatu zilijibu ugali na maziwa.

Maziwa mabichi nayataja kando, maana bado wapo wanaomkingia paka kwenye kata wakati wa kukamua. Mwaka 2024 huko Texas, Marekani, paka wa mashamba ya ng'ombe wa maziwa walikunywa maziwa mabichi ya ng'ombe walioambukizwa mafua ya ndege. Walipofuka, wakawa wanayumba, na kwenye shamba moja zaidi ya nusu walikufa.

Kwa aliyeachiwa yatima, la kwanza ni alilofanya jirani yangu: tafuta paka anayenyonyesha. Likishindikana, ulizia kwa daktari wa mifugo maziwa ya unga ya watoto wa paka. Huku ukitafuta, kwa siku moja au mbili, changanya maziwa yaliyochemshwa na kiini cha yai. Mpashe joto kwanza, maana aliyepoa hasagi chochote. Mlaze kifudifudi anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali maziwa yatampalia hadi mapafuni. Tumia bomba la sindano lililotolewa sindano, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Kisha mpanguse chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa kuwa wiki za mwanzo hawezi kujisaidia mpaka asuguliwe, kazi ambayo mama yake huifanya kwa ulimi.

Aliyekwisha kua gharama yake ni ndogo: dagaa waliochemshwa bila chumvi, utumbo wa kuku na vichwa vya samaki siku vikipatikana, na bakuli la maji safi.

Yule wa tatu alirudi kwangu akiwa na miezi miwili. Yuko hapa, analala juu ya magunia. Kila asubuhi nikiinjika sufuria ya maziwa anakuja kunilalia miguuni, analia. Haonji utamu, maana paka hawana ladha hiyo. Anachonusa ni mafuta. Mjukuu wangu huniuliza kwa nini nyau hapewi. Namkabidhi kikombe chake, kisha tunakwenda pamoja mtungini kuchota maji ya paka.