Anzeni na kikapu moto

Hongereni kwa kuhamia shamba, ila mimi ningeanza na kikapu moto cha kuivishia chakula bila moto, sabuni mnayotaka kutengeneza ingefuata. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni si ya kuchezea: soda ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, la sivyo huchemka ghafla na kukurukia usoni. Sufuria ya aluminiamu nayo haifai, soda huila. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu, watoto wakae mbali.

Kikapu moto hakina balaa hilo. Chukueni tenga, lijazeni majani makavu ya migomba au mablanketi makuukuu, mshone na mto wa kufunikia. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemke kwelikweli dakika 20, kisha ipueni sufuria na mfuniko wake, izikeni humo, mwende zenu kupalilia. Mkirudi yanaendelea kuiva, na mkaa umebaki. Yakiwa bado magumu, yarudisheni jikoni kidogo.

Kibuyu chirizi chenu cha kunawia mikono pale chooni nimekipenda sana. Mwageni kokoto chini yake, maji yasituame. Na mkijaribu hayo maharage, tuambieni yamechukua muda gani.